Namba ya Ndani

Simu ya kwanza kupigwa kutoka ghala la Kibuyuni ilisikika upande mmoja tu. Bi Katibu alishika mkono wa simu kwa mikono miwili, magunia ya mwani mkavu yamepangwa nyuma yake mpaka juu, na alikuwa akiwasikia watu wa Mombasa vizuri kabisa.

"Namsikia yuwasema halo, halo," akaniambia. "Mimi namjibu. Mbona hanijibu?"

Mombasa hawakuwa wanamsikia. Baada ya halo ya tano wakakata.

"Hiyo si ajabu," akasema huku akirudisha mkono wa simu mahali pake. "Sisi huku twawasikia siku zote."

Nilicheka nikidhani ni mzaha, nikarudi kwenye laptopu yangu kutafuta kosa. Ilikuwa mwanzoni mwa 2022. Mimi ni fundi wa mitandao, na nilikuwa nimepewa kazi na kampuni moja inayonunua mazao ya bahari: ofisi kuu Mombasa, tawi Ukunda, na hilo ghala la Kibuyuni, karibu na Shimoni. Kila ofisi ilikuwa na simu zake za mkononi, laini mbilimbili, kredo ikiisha mtu anaflashi na kungoja. Bosi alitaka ofisi zote tatu ziwe na simu moja inayopita kwenye intaneti.

Kwa maneno, kazi yenyewe ni rahisi. Unaweka seva ndogo Mombasa, isiyozidi ukubwa wa kitabu cha hesabu, yenye programu ya bure iitwayo Asterisk. Kila meza inapata simu inayochomekwa kwenye intaneti. Seva ndiyo swichibodi. Mtu wa Mombasa akibonyeza 301, Kibuyuni inalia. Kibuyuni wakibonyeza 101, Mombasa inalia, na hakuna anayehesabiwa dakika. Sauti ikibanwa vizuri, saa nzima ya maongezi haimalizi MB 60 za bando. Hizo namba fupi sisi mafundi tunaziita ekstensheni. Wazee waliofanya kazi za ofisi walisema "namba ya ndani". Napenda zaidi neno la wazee, kwa sababu linasema ukweli ambao mimi nilichelewa kuuona: mfumo wa simu wa ofisi ni orodha. Kuna walioandikwa ndani, na kuna walio nje.

Na orodha hiyo, hapa pwani, ina historia ndefu.

Neno "simu" asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Wazee wa pwani walilitumia kwa telegramu kabla halijawa la kuongea. Kupiga simu kulikuwa kutuma maneno machache unayolipia neno kwa neno. Waya wenyewe ulikuja kwa njia ya bahari. Januari 1879 Waingereza walipigwa na Wazulu huko Isandlwana, na habari zilichukua kama wiki tatu kufika London. Kabla mwaka huo haujaisha, kebo ilikuwa imelazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ikateremka Msumbiji na kufika Durban. Miaka kumi hivi baadaye tawi likatoka Zanzibar kuja Mombasa. Wakati huohuo Shimoni ilikuwa mojawapo ya vituo vya mwanzo vya Imperial British East Africa Company. Yaani waya ulikuja kwa ajili ya jeshi, meli na kampuni. Mvuvi wa Wasini angeweza kuishi maisha yake yote karibu na habari za dunia zinazopita baharini, na asiwe na neno moja lake humo ndani.

Simu ya kuongea nayo ilikuja na swali lake: nani anaunganisha? Mwanzoni aliketi mtu kwenye swichibodi, anachomeka waya huu kwenye tundu lile. Kuna kisa maarufu cha Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City kule Marekani. Inasimuliwa kwamba alishuku wateja wake wanapelekwa kwa mshindani kwa sababu mke wa mshindani ndiye aliyekuwa akiunganisha simu. Iwe kweli au chumvi, mwaka 1891 Strowger alipata hataza ya mashine ya kuunganisha simu bila mkono wa mtu. Alielewa jambo ambalo kila aliyewahi kungoja kuunganishwa analijua: anayekaa katikati ya waya ana nguvu kuliko walio kwenye ncha zake.

Kenya ilipopata uhuru waya uliendeshwa kwa pamoja na majirani, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 likabaki shirika letu, Posta na Simu, lililojulikana kama KPTC. Hadi kufikia mwaka 2000, nchi nzima ilikuwa na laini za mezani kama 300,000 hivi, kwa watu karibu milioni 29 waliohesabiwa kwenye sensa ya 1999. Gawa mwenyewe uone. Mamangu alinisimulia kibanda cha simu cha Msambweni: foleni juani, sarafu mkononi, na namba ya ofisi ambako mjombangu alikuwa tarishi. Hakuwa na simu yake, kwa hiyo unaomba aitwe, sarafu zinaendelea kuanguka, na mara nyingi unaambiwa ametumwa. "Mwambie dadake atapiga tena saa kumi." Halafu unarudi nyumbani ukiwa umelipia kuongea na mtu usiyemjua.

Huko nje, mwaka 1995, kampuni ya Israeli iitwayo VocalTec ilikuwa imeanza kuuza programu ya kuongea kupitia intaneti, kompyuta kwa kompyuta. Mwaka 1999, kijana wa Alabama, Mark Spencer, alihitaji swichibodi kwa kampuni yake changa, akaona bei, akaamua kuiandika mwenyewe kama programu. Ndiyo hiyo Asterisk. Aliitoa bure, na ndiyo maana robo karne baadaye fundi wa Ukunda anaweza kuweka swichibodi ya ofisi tatu bila kununua leseni.

Lakini mwaka huohuo wa 1999, hapa kwetu mambo yalielekea kwingine. KPTC iligawanywa, Telkom Kenya ikazaliwa, na ikapewa miaka mitano ya kuwa peke yake kwenye mawasiliano ya kimataifa. Intaneti yote ya kwenda nje ilitakiwa kupita kwenye mlango wake ulioitwa Jambonet. Novemba 2000 watoa huduma za intaneti walifungua kituo cha kubadilishana data Nairobi, KIXP. Sababu yao ilikuwa ya akili ya kawaida tu: barua pepe kutoka jengo moja la Nairobi kwenda jengo la pili ilikuwa inapanda setilaiti, inafika Marekani au Ulaya, halafu inarudi. Telkom ikalalamika kwamba ukiritimba wake umevunjwa, na ndani ya wiki mbili hivi tume ya mawasiliano ikakiamuru kifungwe. Hakikurudi kazini mpaka Februari 2002.

Kama data tu ilipigwa vita hivyo, sauti je? Kuongea kupitia intaneti kungekula mapato ya simu za nje, na kwa hiyo hakukuruhusiwa. Kazi niliyoifanya Kibuyuni mchana kweupe, nikalipwa na nikapewa risiti, miaka ishirini nyuma ingenipeleka pabaya. Ukiritimba ulikwisha katikati ya 2004, na baada ya hapo sauti ya intaneti ikahalalishwa. Nakumbuka saiba za Mombasa zilivyojaa mabango ya bei za kupiga nje, kina mama wamevaa hedifoni wakiongea kwa sauti kubwa na waume walioko Ghuba, na saiba nzima inajua mzee ametuma nini na hajatuma nini.

Sauti zile zilikatikakatika, na si kwa sababu ya kompyuta mbovu. Setilaiti za wakati huo ziko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Neno lako lipande huko, lishuke, jibu nalo lipande na kushuka: nusu sekunde imekwenda. Nusu sekunde ni kitu kidogo mpaka ujaribu kugombana na mtu kwayo. Kila mmoja anadhani mwenzake amenyamaza, wote wanaanza kusema pamoja, wote wananyamaza. Kampuni kama KenCall ya Nairobi, iliyopokea simu za wateja wa ng'ambo, ilianza kazi katika mazingira hayo. Ahueni ilikuja Juni 2009, kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilipofika Mombasa, na mwezi uliofuata SEACOM ikawashwa. Miaka mia moja na thelathini baada ya kebo ya Aden, bahari ileile ilileta waya mwingine.

Na kwa mara nyingine waya ukafika Mombasa na kushika njia ya bara, kwenda Nairobi. Kibuyuni ikabaki inaangaliana na bahari.

Sasa turudi ghalani, maana nilimwacha Bi Katibu na simu ya upande mmoja.

Simu za intaneti zina hatua mbili. Kuna itifaki iitwayo SIP, na ukitaka kuielewa mfikirie mshenga. Mshenga anatoka upande huu, anabisha upande ule, anauliza kama mwenyewe yupo, wanakubaliana lugha ya kuongea na mahali pa kupelekeana maneno. Mambo yakiiva, anakaa kando. Sauti yenyewe haipiti kwake. Inakatwa vipande vidogo, hamsini kila sekunde, na vinatumwa kwenye anwani waliyokubaliana. Kwa hiyo simu inaweza kulia vizuri na kupokewa vizuri, na bado mtu asisikike. Mshenga alifika, ila anwani aliyopewa haikuwa sawa.

Kosa lilikuwa langu. Seva ya Mombasa ilikuwa imejificha nyuma ya rauta ya ofisi, na mimi nilisahau mstari mmoja wa kuielekeza ijitambulishe kwa anwani yake ya nje. Ikawa inajitambulisha kwa ile ya ndani, ambayo ina maana ndani ya kuta za ofisi ile peke yake. Ni kama mgeni kuambiwa "nyumba ya tatu baada ya mbuyu" bila kuambiwa ni mbuyu wa kijiji gani. Simu ya Kibuyuni ilitii. Ikatafuta anwani hiyo hapohapo kwake, ikazimwaga sauti za Bi Katibu mahali pasipo na mtu.

Niliziunganisha ofisi zote tatu kwa VPN, kama kuzitia kwenye ua mmoja, nikazipa anwani zisizogongana. Jioni ile Bi Katibu alipiga 101, akasema "Salama aleikum," na Mombasa wakaitikia. Aliongea dakika kumi na mbili juu ya bei. Nilipofuata njia ya vile vipande vya sauti nikaona vinapanda mnara wa simu, vinakwenda Nairobi, ndipo vinateremka Mombasa. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwa matatu mpaka Likoni, lakini sauti ilipitia Nairobi. Nikakumbuka zile barua pepe za mwaka 2000.

Nikadhani nimemaliza. Mwezi mmoja baadaye bosi akaniita. Alikuwa na ripoti iliyotolewa na mfumo wangu mwenyewe: namba 301 haishikwi. "Hawa wamama hawapokei simu," akasema. "Ile pesa ya Kibuyuni tumeitupa baharini."

Niliichukua ripoti nikaenda nayo. Simu ambazo hazikupokewa zilikuja kwa mafungu: siku kadhaa mfululizo, zote kati ya saa tatu na saa saba mchana, halafu zinapotea wiki nzima, halafu zinarudi. Bi Katibu alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa mjini.

"Hiyo ni bamvua, mwanangu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yatoka saa nne. Wote tuko kambani. Wamtaka nani aje ashike simu?"

Hakuna cha kubishia hapo. Mwani hufungwa kwenye kamba zilizokazwa kwa vigingi ndani ya maji ya pwani, unakaa wiki sita hivi, na ni maji yanapokupwa sana ndipo unapoweza kufunga, kupalilia na kuvuna. Zanzibar wamelima hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kibuyuni kilimo kilishika kasi miaka ya 2010, na wengi wa wanaolima ni wanawake. Ratiba yao inafuata mwezi. Mimi niliwapangia simu ya Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili hadi saa kumi na moja, kama benki.

Nikatafuta jedwali la maji kupwa na kujaa la Kilindini, nikaingiza siku za bamvua kwenye seva. Siku hizo, Mombasa wakipiga 301 asubuhi, wanasikia sauti ya Bi Katibu mwenyewe: "Tuko baharini. Pigeni baada ya saa saba." Tulirekodi mara tatu kwa sababu kila mara alicheka mwishoni. Malalamiko yaliisha. Sidhani kuna swichibodi nyingi zinazofuata mwezi.

Jambo la tatu ndilo lililonikalia kichwani hadi leo.

Bosi alitaka muuzaji akipiga kwa simu yake ya mkononi, jina lake litokee kwenye kioo Mombasa. Nikapewa orodha ya wauzaji na namba zao. Mfumo ukakataa kuimeza: namba moja ilikuwa na majina manne. Bosi hakusita. "Hao ni wauzaji hewa. Mtu mmoja anakula mara nne."

Nilimpigia Bi Katibu. Alinyamaza kidogo, nikadhani laini imekatika.

"Hao ni wamama wa Kipemba," akasema. "Wapo kabisa, nikiwaita sasa hivi watakuja. Kitambulisho ndicho hawana. Laini ni ya jirani yao."

Nilikuwa nazifahamu habari hizo kama tunavyozifahamu wengi wetu, kwa kusikia redioni. Kwenye vijiji vya ufuo wa Kwale na Kilifi kuna familia ambazo wazee wao walivuka kutoka Pemba miaka mingi iliyopita, wamezaliana hapa, wamezikana hapa, lakini serikali haikuwahesabu kuwa Wakenya. Wamakonde wa Kwale nao walikuwa hivyo, mpaka 2016 walipofunga safari kwenda Nairobi kudai haki yao. Kinachosahaulika ni jinsi jambo hilo linavyoingia mpaka kwenye simu. Mwishoni mwa 2012 laini zisizosajiliwa zilizimwa Kenya nzima, na kusajili kunataka kitambulisho. Bila laini yako, hakuna M-Pesa yako. Mama anakesha na mwezi, anavuna, anaanika kwenye vichanja, anapima, na malipo yanaingia kwenye simu ya mtu mwingine. Jirani akiwa mwema, inafika yote. Jirani akisafiri, unangoja.

Nilimweleza bosi. Aliondoa neno "hewa", lakini akabaki na swali la haki: sasa tutawapataje?

Kumbe jibu nilikuwa nalo mkononi. Ekstensheni haiulizi kitambulisho. Inataka jina na namba ya siri, basi. Nikafungua 311, 312, 313 na 314, kila mama na kisanduku chake cha ujumbe wa sauti. Mombasa wakishapima na kupanga malipo, wanamwachia ujumbe: kilo ngapi, bei gani, pesa imetumwa lini na kwa nani. Mama anakuja ghalani wakati wake, anabonyeza namba yake ya siri kwenye simu ya Bi Katibu, anasikiliza. Asiyejua kusoma hahitaji kusomewa meseji na mtu mwingine. Pesa bado ilipita kwa jirani. Hilo sikuweza kulibadilisha kwa seva. Lakini sasa aliyengoja alijua anangoja kiasi gani.

Mwaka 2023 serikali iliwatambua Wapemba rasmi kuwa mojawapo ya jamii za Kenya. Vitambulisho vikaanza kutoka. Mwaka uliofuata nilikwenda Kibuyuni kubadilisha betri za sola, kwa sababu stima ikipotea na simu hupotea nayo, na nikamkuta mama wa 312 ghalani. Alinionyesha simu yake mpya, na laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Akapiga Mombasa hapohapo ili nione. Kwenye kioo cha huko, waliniambia, ilitokea namba ndefu, na kando yake neno ambalo mfumo wangu huliandika kwa kila simu isiyo ya ofisi: NJE.

Nikamwambia nitaiandika vizuri, jina lake litokee. Na kwa kuwa sasa ana laini yake, ile 312 naweza kuifunga.

"Usiifunge," akasema.

Nikamuuliza kwa nini, ilhali haihitaji tena.

"Iache tu. Hiyo ndiyo ya kwanza kuandikwa jina langu."

Nimeiacha.